Ajuza Mlangoni: Mwanamke Mzee na Mazoea Anayobandikwa katika Fasihi ya Kiswahili

Yuko mhusika mmoja katika hadithi za Waswahili ambaye hahitaji jina. Akitajwa tu kuwa ni kizee, au ajuza, au bi kizee, msomaji amekwisha kumtambua: mgongo umepinda, meno yamepukutika, mdomo ni mwekundu kwa tambuu, ugoro umefungwa katika pindo la kanga, na ulimi haupumziki. Anajua mambo ya nyumba za watu. Anapeleka maneno na kurudisha majibu. Ikiwa hadithi ina msichana aliyefungiwa ndani na kijana anayemtaka, yeye ndiye atakayepita kati yao. Na ikiwa ina maradhi yasiyojulikana asili yake, yeye ndiye atakayeshukiwa kwanza. Mwanafunzi wa sekondari aulizwapo sifa za mhusika huyu huandika mmbeya, kuwadi, mchawi, mlipa kisasi, na hupewa alama zake zote. Wahakiki nao humwita mhusika bapa, wakaendelea na mambo wanayoyaona makubwa zaidi.

Dai la makala haya ni kwamba mazoea hayo anayobandikwa ajuza, kwa sehemu kubwa, ni kazi na ruhusa alizopewa na jamii yake, zilizosimuliwa na watu waliomtazama kwa nje na kuzigeuza kuwa kasoro za tabia. Pale ambapo mwanamke mwenyewe anazungumza akiwa na umri mkubwa, uzee unaonekana kwa sura nyingine.

Yafaa kuanzia kwenye maneno. Mzee, kisarufi, halibagui mume na mke. Lakini likitangulizwa mbele ya jina la mtu kwa heshima, aghalabu mtu huyo ni mwanamume. Jomo Kenyatta aliitwa Mzee na taifa zima, na wake wa Kenya huwaita waume zao mzee hata kama mume hajafika miaka 30. Mwanamke aliyefikia umri wa heshima hupewa Mama, Nyanya au Bibi, majina ya nyumbani. Mzizi ule ule wa -zee ukitiwa katika ngeli ya ki-, ambayo ni ngeli ya vitu na ya udogo, hutoa kizee, na katika matumizi ya kawaida neno hilo limebaki la mwanamke. Ni kweli kwamba kibabu lipo, na kwamba kikongwe aweza kuwa wa jinsia yoyote. Ila kibabu limezoeleka katika utani wa babu na wajukuu, hali kizee katika hadithi mara nyingi hutangulia habari mbaya. Maneno ya Kiarabu yaliyoingia katika Kiswahili hayana upole zaidi. Shaibu asili yake ni mvi. Ajuza limetoka katika mzizi unaomaanisha kushindwa na kutokuweza. Mwanamume alipozeeka lugha ilitazama nywele zake. Mwanamke alipozeeka ilitazama nguvu zilizomtoka.

Hata hivyo huyu asiyeweza ndiye mtu anayeweza mengi katika hadithi, na ukinzani huo hauelezeki kwa msamiati peke yake. Asili yake yafaa itafutwe katika maisha ya miji ya pwani, tangu Lamu mpaka Unguja, ambako mwanamke wa nyumba yenye heshima alikaa utawani. Alipovunja ungo alifungiwa ndani. Alipoolewa alitoka kwa idhini, amejifunika, na kwa shughuli maalumu. Baraza ilikuwa ya wanaume na ndani kulikuwa kwa wanawake. Kati ya pande hizo mbili palihitajika mtu wa kupita. Surat An-Nur, katika aya ya 60, inawapa wanawake wazee wasiotaraji ndoa nafasi ya kuondoa mavazi ya nje madhali hawaonyeshi mapambo, na desturi za mji nazo ziliwaendea kwa upole wa namna hiyo. Mwanamke aliyekwisha kukoma hedhi aliweza kusimama mlangoni, akajibu salamu za baraza, kisha akaingia ukumbini bila mtu kushtuka. Hapo ndipo alipopata kazi zake. Alikuwa mkunga. Alikuwa kungwi wa kumfunda mwari na somo wa kumwingiza katika ndoa. Alitumwa kupeleleza posa kabla wazee wa kiume hawajaenda kuiposa kwa fahari, maana ilikuwa aibu kwao kukataliwa hadharani. Alikwenda kutazama wagonjwa, akaosha maiti za wanawake, akauza vitumbua, akarudi na habari. Jamii iliyowafungia mabinti zake ilihitaji miguu ya mama huyu kila siku, kisha katika ngano zake ikamwita mzururaji.

Watambaji hawakukosa kuiona kazi hiyo. Katika hadithi za Alfu Lela Ulela, ambazo wasomaji wa Kiswahili walizipata kwa tafsiri tangu enzi ya ukoloni, ajuza ni ufunguo wa nyumba zilizofungwa, na fundi wa hila. Yumkini mfano huo wa nje ulikutana na hali halisi ya pwani na kila mmoja ukamtia mwenziwe nguvu. Kilichopotea njiani ni sababu. Ajuza wa ngano hutenda ubaya kwa kuwa ni ajuza, na hakuna anayeuliza zaidi.

Said Ahmed Mohamed, katika Utengano (1980), ni mmoja wa waandishi waliouliza. Maimuna, binti wa Bwana Maksuudi, amefungiwa ndani ya nyumba ya fahari pamoja na mama yake, na wanaofungua nyumba hiyo ni wanawake wawili wenye umri: Biti Kocho, mtumishi wa nyumba, na Farashuu, mkunga. Mpango ni ule ule wa zamani. Kuna mlango, kuna msichana ndani, kuna mama mzee anayeingia kwa kazi halali na kutoka na jambo jingine. Lakini Farashuu ana historia. Ana binti, Mwanasururu, aliyeolewa na Maksuudi akadhulumiwa na kuharibiwa maisha. Chuki yake ina jina na ina hesabu. Ukunga unamtia ndani ya nyumba ambayo hasira peke yake isingemfikisha. Hapa mwandishi amekitumia kipengele cha ngano akakipa msingi wa jamii, na ni moja ya sehemu zenye nguvu kubwa katika riwaya hiyo.

Ajabu ni jinsi usomaji wa shuleni unavyomrudisha Farashuu kule alikotolewa. Riwaya hii imewahi kutahiniwa katika shule za sekondari za Kenya, na maelezo yaliyozoeleka humtaja kuwa bibi kizee mwenye fitina na kisasi, kana kwamba fitina ni dalili mojawapo ya uzee kama mvi. Bwana Maksuudi naye si kijana. Ameiangusha nyumba yake mwenyewe kwa tamaa na unafiki, amedhulumu mali na wanawake. Yeye huelezwa kwa tabaka lake, kwa siasa zake na kwa mfumo dume. Haelezwi kwa umri. Kosa hilo si la mwandishi. Ni la mhakiki aliyezoea kumsoma mwanamume kama zao la jamii na mwanamke mzee kama zao la miaka yake.

Mazoea haya ya kusoma hayaishii darasani, na ndiyo maana hayafai kuchukuliwa kuwa jambo dogo la mtindo. Katika nchi ya Wasukuma, Tanzania, kwa miaka mingi wanawake wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi, na dalili iliyotajwa tena na tena ni macho mekundu: macho yaliyoharibiwa na moshi wa kuni na wa samadi kavu, kwa kukaa jikoni miongo mingi kuwapikia watu wale wale. Mwezi wa Mei 2008, huko Kisii, Kenya, watu 11 walichomwa moto kwa tuhuma hiyo hiyo, na wengi wao walikuwa wanawake. Hakuna anayeweza kudai kwamba waliowasha moto walikuwa wamesoma riwaya. Linaloweza kudaiwa ni kwamba namna ya kutazama ni moja. Mwili unaobeba alama za kazi unasomwa kama unaobeba alama za nia mbaya.

Je, wanawake wenyewe wamesema nini walipofika umri huo? Ushahidi wa kwanza ni wa zamani na unajulikana na kila mwanafunzi wa ushairi. Mwana Kupona binti Msham alitunga utendi wake mwaka 1858, mgonjwa, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu aliyekuwa amefariki miaka miwili nyuma, na yeye mwenyewe alifariki miaka michache baadaye. Wahakiki wengi wamejadili utiifu kwa mume anaoufundisha, baadhi wakautetea na wengine wakaulaumu, na mjadala huo una haki yake. Lakini msemaji mwenyewe hutazamwa kidogo. Ni mwanamke anayemwita binti yake asogee karibu na wino na karatasi kwa kuwa ana la kumwachia. Anataja maradhi yake bila kujihurumia. Anataja udi, asumini, hina na bangili kwa ujuzi wa mtu aliyevitumia, na sasa anavikabidhi kama fundi anayekabidhi vyombo vya kazi. Ujana hauombolezwi popote. Umri ndio unaompa mamlaka ya kunena, na katika mamlaka hayo anayataja hata maisha yake na mumewe, jambo ambalo bi harusi wa miaka 16 asingethubutu.

Hapo ndipo nadharia za ng'ambo zinapohitaji kutumiwa kwa hadhari. Simone de Beauvoir, katika kitabu chake juu ya uzee kilichotoka Ufaransa mwaka 1970, alionyesha kwamba mtu huujua uzee wake kwanza katika macho ya wengine, na kwamba jamii ya viwanda humtupa mtu siku ileile inapomaliza kuitumia kazi yake. Wazo la kwanza lafaa sana kwa ajuza wa hadithi, kwani yeye ni macho ya wengine tupu. La pili halimfai mwanamke wa pwani kwa urahisi huo. Kungwi hakuachishwa kazi kwa kuzeeka. Aliipata kwa kuzeeka. Siti binti Saad, ambaye Shaaban Robert alimwandikia wasifu, alizaliwa Fumba yapata mwaka 1880, akaenda Bombay kurekodi nyimbo zake mwaka 1928. Kwa hesabu hiyo alikuwa amekaribia miaka 50 sauti yake ilipoanza kusikika mbali na Unguja.

Fatuma binti Baraka, maarufu kwa jina la Bi Kidude, aliyefariki Unguja tarehe 17 Aprili 2013, ni mfano wa karibu zaidi, na pia onyo. Umri wake kamili haukuandikwa popote. Ilisemekana kuwa alipita miaka 100. Alikuwa mwimbaji wa taarabu, mpiga msondo na kungwi wa unyago, na mwaka 2005 alipewa tuzo ya muziki ya WOMEX huko Ulaya. Lakini makala chungu nzima zilizoandikwa juu yake zilianza na sigara. Zilieleza jinsi alivyovuta, alivyokunywa, alivyocheka, kwa mshangao wa mtu aliyeona kinyago kimesimama. Mshangao huo ulidhaniwa kuwa sifa, hali ulikuwa ni orodha ile ile ya tambuu na ugoro, imebadilishwa sauti tu. Unyago wenyewe, yaani elimu aliyowapa mabinti kwa miaka isiyohesabika juu ya miili yao na ndoa zao, ulipata aya moja au mbili. Inasemekana jina la Kidude alipewa kwa udogo wake alipozaliwa. Ni ngeli ya ki- tena, na alilibeba jina hilo katika majukwaa ya dunia bila kuomba libadilishwe.

Katika hazina ya ngano iko moja ambayo wahakiki wangefaa kuirudia. Ni kisa cha Sultani Darai, kilichochapishwa na Edward Steere mwaka 1870 katika mkusanyo wa hadithi za Unguja. Paa anamtajirisha maskini aliyekuwa akipekua jaani. Anamwua joka, anaikomboa nyumba kubwa aliyoikuta ikilindwa na kizee, kisha anamleta bwana wake na mkewe waishi humo. Baadaye paa anaugua. Bwana anaketi juu kwa raha zake, na paa yuko chini. Anayepanda kumweleza bwana kwamba paa hawezi ni yule kizee. Anajibiwa kwamba mgonjwa apikiwe uji wa mtama mbaya. Anashuka na jibu, analia, na paa anamtuma tena. Mke wa bwana anashikwa na huruma na kuleta chakula kinachofaa, lakini ametanguliwa na yule anayeipanda ngazi. Hapa kizee anafanya lile lile ambalo katika ngano nyingine humtia lawamani: anachukua maneno ya mtu mmoja na kuyafikisha kwa mwingine, kisha anarudi na majibu. Hana fitina, hana uganga, na mtambaji hakuona haja ya kumtia tambuu mdomoni; anayetafuna tambuu katika tukio hilo ni bwana.