Cheti Kilikuwa na Mwenyewe

Mlipiga makofi mstari ule ulipopita ukutani, kwa hiyo nianze nao: verify=False. Fundi aliyetuonyesha pale Ilongero namna ya kuendesha mashine pepe za Proxmox kwa skripti ya Python alikutana na kosa la cheti, hakulisoma, akazima ukaguzi. Halafu akaongeza disable_warnings, hata onyo lisionekane. Kazi iliharibikia hapo.

Skripti ile hubisha hodi bandari ya 8006 na kukabidhi tokeni inayoweza kuunda na kufuta mashine. Ukaguzi ukizimwa, usimbaji unabaki, ila hujui unamsimbia nani. Aliyejipachika kati ya laptopu na seva anatoa cheti chake, anaipokea tokeni, anaipitisha mbele, na skripti inakuambia mambo safi.

“Ni mtandao wa ndani,” tukaambiwa. Wimbo huo nimeuchoka! Mwaka 1995 nywila zilinaswa ndani ya mtandao wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki, na Tatu Ylönen akajibu kwa kuandika SSH. Wakongwe wa enzi ile walilinganisha alama ya kidole ya seva kabla ya kukubali. Wa leo wanabonyeza tu. Python nayo ilichelewa: hadi toleo la 2.7.9, Desemba 2014, moduli zake za kawaida hazikukagua cheti cha HTTPS mpaka ziambiwe. Watu wakapigania ukaguzi uwe chaguo-msingi, sisi tunaufuta kwa neno moja.

Tena cheti chenyewe hakikuwa cha kujisainia, ingawa fundi alikiita hivyo mara kwa mara. Proxmox ikisakinishwa huunda mamlaka yake ya vyeti, nayo ndiyo husaini cheti cha seva. Ilitosha kunakili /etc/pve/pve-root-ca.pem kwa scp, kisha kuandika njia ya faili hiyo mahali pa False. Seva ikiitwa kwa anwani isiyomo ndani ya cheti, Python itagoma, na ina haki. Kama seva ilibadilishiwa IP, endesheni pvecm updatecerts --force.

Mengine ya skripti ile, yaani kiolezo, cloud-init na majina ya mashine: safi kabisa.

Mlioinakili skripti na kuiendesha, rekebisheni kwanza mstari ule, ndipo mfute tokeni ya zamani na kutengeneza mpya. Mkianza na tokeni, mtaikabidhi na hiyo mpya.