Namba Nne ya Hodgkin na Huxley

Wengi hudhani hesabu ni kazi ya duka, nayo haina neno na viumbe hai. Maandiko ya Waingereza wawili, Alan Hodgkin na Andrew Huxley, yaliyotolewa mwaka 1952, yaonyesha sivyo. Yafaa tuyasome polepole, maana watu huyasifu hata kwa jambo lisilo lake.

Ngisi, mnyama wa bahari, ana uzi wa fahamu mnene, kama nusu milimita. Kule Plymouth waliingiza waya ndani yake, wakapima umeme upitao katika ngozi nyembamba ya uzi ule: kwanza sodiumu huingia, kisha potasiumu hutoka. Vipimo hivyo wakavigeuza kuwa milinganyo minne, naye Huxley akaipigia hesabu kwa mashine ya kuzungushwa kwa mkono. Hesabu ikasema habari hukimbia katika uzi meta 18,8 kwa sekunde. Uzi wenyewe ulipopimwa, 21,2. Si haba!

Basi, hapa ndipo penye shauri letu. Kwa potasiumu walitumia kipeo cha nne, kana kwamba mlango wake una chembe nne, nazo sharti zote zikae mahali pake ndipo ufunguke. Mwaka 1998 Roderick MacKinnon na wenzake wakaonyesha umbo la mlango mmoja wa potasiumu: una vipande vinne. Mtu husema upesi: hesabu iliona mbele! Sisi hatukubali. Wenyewe waliandika kwamba tano au sita ingeweza kulingana vizuri zaidi, ila hawakuona faida ya kuongeza taabu. (Mwenye kuzungusha mashine ile atawaelewa.) Tena walionya kwamba kulingana kwa hesabu si ushahidi kuwa ngozi imefanyika hivyo. Kwa sodiumu waliweka tatu, lakini mlango wake nao una sehemu nne. Hata walihesabu kufunguka na kufungwa kwake kama mambo mawili yasiyojuana. Mwaka 1977 Clay Armstrong na Francisco Bezanilla walionyesha kwamba kufungwa hutegemea kufunguka.

Denis Noble alisoma vema zaidi. Mwaka 1960 alipoitwaa milinganyo ile kwa seli za moyo, aligeuza sehemu ya potasiumu, maana umeme wa moyo hukawia kuliko ule wa ngisi.