Wasifu wa Fundi Aliyepigana Kagera: Namna ya Kuupima

Katika miji yetu midogo hakuna maandishi yanayosikilizwa na watu wengi kwa pamoja kama wasifu wa marehemu. Bunda, Tarime au Mugumu, gazeti halikusanyi umati chini ya turubai na kuunyamazisha kwa dakika kumi. Wasifu hufanya hivyo karibu kila wiki. Hata hivyo huandikwa usiku wa manane, na kijana aliyepewa kalamu kwa sababu mwandiko wake unasomeka, huku wakubwa wakijadili gari la kubebea jeneza na idadi ya sufuria. Nimeusikiliza uandishi huu kwa miaka mingi, na ninaamini ni ufundi wenye vipimo vyake kama ufundi mwingine.

Nitachukua aina moja ya marehemu, ambayo mkoa wa Mara unayo kwa wingi: mzee aliyekwenda vitani mwaka 1978 akiwa kijana, akarudi, akashika mwiko wa uashi mpaka nguvu zilipomwishia. Huyu ndiye anayeonewa zaidi na wasifu mbaya. Nusu ya maisha yake hakuisimulia, na nusu ya pili kila mtu anadhani anaijua.

Sehemu ya kuzaliwa na ukoo haina shida kubwa. Utaratibu wake umezoeleka, nao unafaa: kijiji, wazazi, nafasi yake kati ya ndugu, shule. Angalia jambo moja tu, tarehe. Wazee wengi wa rika lile hawakuwa na cheti cha kuzaliwa, na mwandishi mwaminifu huandika “mwaka 1955 hivi” bila aibu kuliko kumbunia marehemu siku na mwezi.

Ukifika kwenye vita, sikiliza kama pana mahali panapotajwa. “Alishiriki Vita vya Kagera na kupigana kwa ushujaa mkubwa” ni sentensi ambayo mwandishi wake hakumuuliza mtu yeyote swali lolote. Vita vile vina ramani na kalenda. Majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalivuka mpaka mwishoni mwa Oktoba 1978, daraja la Kyaka likalipuliwa siku chache baadaye, na askari wetu wakalazimika kuuvuka mto Kagera kwa daraja la muda ili kuyatoa majeshi hayo. Mutukula ilitekwa Januari 1979, Masaka Februari, Kampala Aprili 11. Mwandishi makini humweka marehemu ndani ya kalenda hiyo: aliingia lini, alikuwa askari wa kudumu au mwanamgambo, kikosi gani, alifika wapi, alirudi lini. Wasifu unaosema kwamba alirejea nyumbani “baada ya vita kumalizika mwaka 1978” umejiumbua wenyewe, na wazee waliokuwa naye watatazamana.

Habari hizi mara nyingi mjane hana, na watoto hawana. Zimo kwenye bahasha iliyofungwa nailoni chini ya sanduku, penye karatasi ya kuachishwa jeshi. Zimo pia vichwani mwa wenzake wawili watatu ambao hukumbukana kila Julai 25, Siku ya Mashujaa. Ukisikia wasifu ukitaja kijiji au kilima ambacho hakimo kwenye vitabu vya shule, jua kuna mtu aliyeamka alfajiri akaenda kuuliza. Hiyo ni alama kubwa ya ubora kuliko lugha ya mafumbo.

Vilevile pima ukweli wa cheo na kazi. Si kila aliyekwenda alikaa mstari wa mbele. Kulikuwa na madereva, wapishi, wabeba masanduku ya risasi, watu wa kuchimba mahandaki. Kuandika “alikuwa mpishi wa kombania” kunampa mzee heshima kubwa kuliko kumsingizia kwamba aliingia Kampala juu ya kifaru. Hata hofu ina nafasi yake. Pale Lukaya, Machi 1979, brigedi ya 201, ambayo wengi wake walikuwa wanamgambo, ilishambuliwa ikatawanyika, kisha ikajipanga upya na kurudi vitani ikisaidiwa na brigedi ya 208. Mzee aliyekuwapo usiku ule, na akawahi kukiri mbele ya wanawe kwamba alikimbilia kwenye matete na kulipopambazuka akarudi, aandikwe hivyo hivyo. Waliokuwa vitani hawatamcheka. Wasiokuwapo ndio watakaojifunza vita ni nini.

Sasa ujenzi, sehemu inayonitia uchungu kuliko zote. Katika wasifu mwingi utasikia: “Baada ya hapo marehemu alijishughulisha na shughuli za ujenzi hadi umauti ulipomkuta.” Basi. Miaka arobaini imekwisha kwa pumzi moja, wakati waombolezaji wengi waliolala msibani watarudi kulala ndani ya kuta alizozipandisha yeye.

Wasifu mzuri hutaja majengo, na huyataja kwa zama zake. Fundi wa umri huu amepita nyakati tatu zinazotofautiana kabisa. Kwanza yalikuja madarasa ya elimu ya msingi kwa wote, mpango uliotokana na Azimio la Musoma la mwaka 1974, ambayo wananchi waliyajenga kwa nguvu zao, wanawake wakisomba maji na mchanga. Kisha ikaja miaka ya themanini ya mwanzoni, saruji ikawa adimu: ukuta wa matofali ya kuchoma ukaunganishwa kwa udongo, na saruji kidogo iliyopatikana ikahifadhiwa kwa sakafu na lipu ya nje. Ninaiheshimu sana kazi ya kipindi hicho, kwa kuwa ukuta wa udongo haumsamehe fundi mvivu. Kona ikipinda, mvua ya masika moja inatosha kumtangaza. Baadaye zikaja sekondari za kata, kuanzia mwaka 2004, kila kata ikihangaika kupata vyumba vya madarasa kabla ya Januari. Mwandishi akisema ni darasa lipi, la shule ipi, na lenta yake ilifungwa na nani, msikilizaji anaweza kutoka pale akaenda kulitazama.

Baada ya majengo, sikiliza namna. “Alikuwa fundi hodari” haimwambii mtu kitu. Fundi hutambulika kwa mambo aliyoyakataa. Linganisha na sentensi hii niliyoitunga kwa mfano: “Hakupanga kozi ya kwanza kabla ya kupima kona kwa futi tatu, nne na tano, hakuruhusu mbao za lenta zifunguliwe kabla zege halijakomaa, hata mwenye nyumba akisimama na kununa, na saidia fundi aliyechanganya zege likazidi maji aliambiwa alimwage.” Ndani ya maneno hayo yumo mtu. Saidia fundi waliofanya kazi chini yake, ambao kwa kawaida husimama nyuma kabisa karibu na barabara, watatikisa vichwa, nao ndio waamuzi ninaowaamini kuliko mchungaji na mwenyekiti wa mtaa. Wasifu ukisomwa hadi mwisho na kundi lile la nyuma halijatikisika, umeshindwa.

Jihadhari na daraja moja ambalo waandishi hupenda kulijenga kwa haraka: kwamba nidhamu ya jeshi ndiyo iliyomfanya awe fundi bora. Inawezekana. Lakini iombe ushahidi. Kama alianza kazi saa kumi na mbili kamili asubuhi, na jioni akaosha karai, mwiko, timazi na pimamaji na kuvipanga kwa mstari kabla ya kulipa vibarua, yasemwe hayo na daraja litajijenga lenyewe. Kama hakuna, basi zibaki kazi mbili za mtu mmoja, kila moja na uzito wake.

Kwenye familia nina msimamo mkali. Wasifu unaomruka mtoto ni mbaya, hata kama lugha yake ni tamu kama asali. Mafundi husafiri, nyumba ya mtu hujengwa miezi mitatu katika mji mwingine, na wakati mwingine huko hubaki mtoto. Mtoto huyo atakuja msibani. Atasimama palepale, atasikia majina yakitajwa moja moja, na jina lake halitatajwa. Wanaoandika hudai wanamlinda mjane, ilhali mjane huwa amejua kwa miaka mingi, na mara nyingi ndiye aliyemtumia mtoto ada ya shule. Watajwe wote, na waliotangulia mbele ya haki watajwe pia. Kuhusu udhaifu mwingine, desturi ya kutomsema marehemu vibaya naikubali, lakini kunyamaza si sawa na kudanganya. Mtu aliyekunywa asiitwe mchukia pombe mbele ya wenzake wa kilabuni.

Ugonjwa ni sentensi mbili. Lini alianza kuugua, alifariki wapi. Mlolongo wa zahanati, vipimo na rufaa unaokula nusu ya karatasi unamfanya marehemu akumbukwe kama mgonjwa, na hilo ni kosa la kawaida kuliko yote niliyotaja.

Kumbuka pia kwamba maandishi haya husomwa kwa kipaza sauti chenye mwangwi, juani, na mjukuu ambaye koo linambana. Sentensi ndefu humwangusha. Anayejua kazi yake huusoma kwa sauti usiku uleule, akiweka nukta kila pumzi inapokatika, na kuhakikisha msomaji anayajua matamshi ya majina ya ukoo. Kurasa mbili za mkono zinatosha.

Mwisho, madeni. Kabla jeneza halijaondoka, msemaji wa familia hutangaza kwamba anayemdai marehemu au anayedaiwa naye aonane na familia. Kwa fundi tangazo hilo halitoshi, maana fundi hufa akiwa na kazi mikononi: kwa mtu fulani msingi umefika usawa wa jamvi, kwa mwingine nondo za lenta zimesukwa lakini zege halijamwagwa, na malipo ya awali yameshatumika. Wasifu wa daraja la juu huzitaja kazi hizo waziwazi na kumtaja fundi aliyekubali kuzimalizia. Nimeusikia mmoja wa namna hiyo, na mwenye msingi alisogea mbele papo hapo akamshika mkono yule kijana.

Karatasi isitupwe baada ya mazishi. Siku ya kuanua matanga isomwe tena mbele ya ukoo, kwa utulivu, pasipo kipaza sauti. Ndipo mzee aliyechelewa kufika kutoka Sirari atakaposema namba ya kikosi imekosewa, na shangazi akumbuke mtoto aliyefariki akiwa mchanga. Yaandikwe pembeni pamoja na jina la aliyesema, kisha itolewe nakala safi kwa kila mtoto, kwa wenzake wa jeshini, na kwa yule fundi anayemalizia kazi.