Uzito wa Mbu

Mbu wa miligramu 2 akitua mkononi, mtu huwa hana habari mpaka aumwe. Hata hivyo mkono umebebeshwa mzigo, na mzigo huo unapimika. Kwa vizio vya leo ni karibu mikronyutoni 20. Kwa vizio vya wanafizikia wa karne ya 19 ni karibu daini 2. Mbu ni yuleyule na mkono ni uleule.

Kuihamisha kani ndogo kutoka kizio kimoja hadi kingine huonekana kuwa kazi ya karani: sogeza nukta, ongeza sifuri, funga daftari. Anayeifanya vizuri, hata hivyo, ni fundi. Kabla hajashika kalamu ameshajua jibu litaelekea wapi. Wauza nafaka wa pwani walikuwa na ujuzi huohuo bila kuuandika popote, kwa kuwa mchele wa pishi 1 ukipimwa upya hutoa vibaba 4. Kipimo kikinywea, namba hunenepa. Fundi wa kani ndogo huishika kanuni hii vidoleni, na jibu likija limekonda mahali lilipotakiwa kunenepa, hulitupa na kuanza upya.

Mtego wa kwanza uko kwenye neno lenyewe la uzito. Sokoni, kilo ni uzito na mazungumzo yanaishia hapo. Darasani, miligramu 2 za mbu ni tungamo, yaani kiasi cha kitu chenyewe. Uzito ni kani ambayo dunia inamvutia chini. Ili kuvuka kutoka tungamo kwenda kani, sharti mtu azidishe kwa 9.8, mchapuko wa kitu kinachoanguka. Asiyevuka hapo atapata namba nadhifu isiyopima kitu.

Daini ilipewa jina mwaka 1873 na kamati ya wanasayansi wa Uingereza ambayo William Thomson na James Clerk Maxwell walikuwa miongoni mwa wajumbe wake. Walilitoa kwenye neno la Kigiriki lenye maana ya nguvu. Daini 1 ni kani inayoipa gramu 1 mchapuko wa sentimita 1 kwa sekunde, kila sekunde. Nyutoni, iliyoidhinishwa kimataifa kwa jina hilo mwaka 1948, hufanya hivyohivyo kwa kilo na mita. Kilo ina gramu 1,000, mita ina sentimita 100. Zidisha, na nyutoni 1 inakuwa daini 100,000. Hakuna haja ya kukariri. Anayeweza kuijenga namba hiyo upya kwa mkono wake hatapotea hata jedwali likichanika.

Kuna mahali hesabu hii inakuwa tamu kabisa. Mvutano wa uso wa maji, ule unaolikusanya tone lisitawanyike, uliandikwa kwa miaka mingi katika daini kwa sentimita. Vitabu vipya hutumia milinyutoni kwa mita. Mwanafunzi anayekutana na maji ya nyuzi 25 za Selsiasi huona 72 katika kitabu cha zamani, na 72 tena katika kipya, akadhani mmoja wa waandishi amekosea. Hakuna aliyekosea. Daini ni ndogo mara laki moja kuliko nyutoni, sentimita ni ndogo mara mia kuliko mita. Gawanya, na kinachobaki ni elfu, ambayo "mili" imeshaibeba. Vizio vyote viwili vimehama na namba haikutikisika.

Ndani ya seli hai, hata daini ni jitu. Humo inafanya kazi protini iitwayo kinesini, mchukuzi anayetembea juu ya nyuzi nyembamba akiwa na shehena mgongoni, kila hatua nanomita 8. Watafiti walimpima kwa kibanio cha mwanga, chombo kilichompatia Arthur Ashkin Tuzo ya Nobel mwaka 2018 akiwa na miaka 96. Ukimvuta nyuma kwa takribani pikonyutoni 6, anasimama. Kwa daini hiyo ni 0.0000006, namba ambayo jicho huhesabu sifuri zake mara mbili na bado halina uhakika. Ndiyo maana wataalamu wa seli huandika pikonyutoni na nanomita: 6 mara 8 ni 48, na chakula anachotumia mchukuzi huyu kwa hatua moja, molekuli moja ya ATP, hutoa kati ya 80 na 100 kwa kizio hichohicho. Mara moja mtu anaona kwamba karibu nusu au zaidi ya chakula imegeuka kazi. Kizio kilichochaguliwa vema kimefungua dirisha. Na kwa anayetaka kumrudia mbu: ingehitajika kinesini zaidi ya milioni 3 kumshikilia hewani.

Kizio kilichochanganywa, kwa upande wake, huweza kupoteza chombo kizima. Chombo cha anga cha Mars Climate Orbiter kiliondoka duniani Desemba 1998 kikielekea sayari ya Mirihi. Kilikuwa na paneli ya jua upande mmoja tu, na mwanga wa jua husukuma. Katika umbali wa dunia, mwanga unaomezwa na mita mraba 1 husukuma kwa mikronyutoni 4.5, karibu robo ya uzito wa mbu wetu. Mdogo hivyo, lakini kwa miezi tisa bila kupumzika msukumo huo ulikigeuza chombo, na injini ndogo zikawashwa mara kwa mara kukirekebisha. Athari za misukumo hiyo ziliwekwa kwenye faili lililoitwa "Kani Ndogo". Programu iliyoliandika ilihesabu kwa pauni. Waliolipokea walisoma nyutoni. Pauni 1 ya kani ni nyutoni 4.45, hivyo kila msukumo ulihesabiwa pungufu mara 4.45. Tarehe 23 Septemba 1999 chombo kilitarajiwa kupita kilomita 226 juu ya Mirihi. Hesabu za baadaye zilionyesha kilishuka hadi karibu 57, ndani ya angahewa. Hakikusikika tena.

Wanafunzi wa fizikia wa Afrika Mashariki wanajua uchungu wa kukatwa alama kwa kuandika 20 peke yake, bila kizio. Hunung'unika kwamba namba ni sahihi. Mwalimu mwenye dakika chache kabla ya kengele angewasimulia paneli ile iliyosukumwa na mwanga, kisha awaandikie ubaoni swali moja: mikronyutoni 4.5, je, ni daini ngapi?