"GEUZA" BILA UKURASA: UHAKIKI WA ISTILAHI ZA KUSOMEA NOTA KATIKA KISHIKWAMBI

Miongoni mwa masuala ya istilahi za teknolojia liko moja ambalo kwa mtazamo wa haraka laweza kuonekana dogo mno, lisistahili kurasa za jarida hili. Mwimbaji au mpiga kinanda anayesoma nota zake katika kishikwambi kikubwa kilichosimamishwa mbele yake, badala ya karatasi, aiteje kazi hiyo na viungo vyake? Twaona suala hili si dogo hata kidogo. Mwanafizikia akikosa neno hungoja, akalifikiri, akarudi kesho. Mwimbaji hana kesho. Neno analoambiwa katikati ya wimbo ama alielewe papo hapo ama apotee, na akipotea yeye sauti nzima ya besi yaweza kupotea pamoja naye.

Nchi za nje jambo hili limekwisha kuwa la kawaida. Mwaka 2012 okestra ya Brussels Philharmonic ya Ubelgiji ilipiga tamasha kwa kusoma vishikwambi, na tangu mwaka 2015, vilipotoka vyenye kioo cha inchi 12.9, wapiga piano wengi wameviona kuwa vinakaribia ukubwa wa karatasi. Kwetu Tanzania njia ilikuwa nyingine. Baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022, vishikwambi walivyovitumia makarani vilikabidhiwa walimu wa shule. Na kila ajuaye makanisa ya Masasi na Newala anajua kwamba mwalimu wa shule na mwalimu wa kwaya mara nyingi ni mtu mmoja. Chombo kilichohesabu kaya siku za kazi hakikukawia kuonekana kanisani Jumapili.

Wilaya hizi hazikuanza jana kupokea vyombo vigeni pamoja na maneno yake. Edward Steere, ambaye mwaka 1870 alichapisha kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili, ndiye aliyewaongoza watu waliokombolewa utumwani kutoka Zanzibar hadi Masasi mwaka 1876. Wamisionari Wabenediktini walifika Ndanda mwaka 1906. Mwaka huohuo Mjerumani Karl Weule alipita Masasi na Newala akiwa na fonografu, akanasa sauti za waimbaji katika mitungi ya nta. Chombo hicho kilipofuatwa na vingine vya jamii yake, Kiswahili hakikuhangaika kutafsiri viungo vya neno la kigeni. Kilichukua santuri, jina la ala ya nyuzi ya Waarabu na Waajemi, kikalivisha chombo kipya na sahani zake. Huo ndio mfano tunaopenda kuuweka mbele ya watunga istilahi wa leo: neno lilitoka katika ulimwengu wa muziki likabaki humohumo.

Tuanze na jina la chombo chenyewe, maana bado kuna wanaosema "kompyuta kibao". Tafsiri hiyo inafuata Kiingereza mno, lakini kasoro yake kubwa kwa mwanamuziki haipo hapo. Katika lugha ya muziki wa dansi kibao ni wimbo uliotia fora. Bendi "hutoa kibao", vijana "hucheza kibao". Msomaji na afikirie tangazo lisemalo kwamba mpiga gitaa "atapiga vibao vyake kutoka katika kibao chake". Ukiongeza kibao cha mbuzi na kibao cha shavuni, mzigo umekuwa mzito kwa neno moja. Wanaosema "tableti" wanaeleweka, ingawa duka la dawa nalo lina madai yake. Kishikwambi kimekwisha kushika. Vyombo vya habari vinakitumia, walimu wanakitumia, na hakigongani na chochote.

Liko pingamizi tulilolisikia mara kadhaa kwamba kiambishi ki- ni cha udogo, kwa hiyo "kishikwambi kikubwa" ni kupingana kwa maneno, na kwamba afadhali tuseme "shikwambi" kwa kile cha inchi kumi na zaidi. Pingamizi hili halina nguvu. Kitanda, kitabu, kiti na kinanda vyote vina ki-, wala hakuna aliyewahi kulala pabaya kwa sababu ya kusema "kitanda kikubwa". Ngeli si kipimo cha urefu.

Hata hivyo ukubwa wenyewe una maana, na hapa hatuna budi kukaa kidogo. Kwaya zetu nyingi husoma nota za sol-fa, mfumo ulioanzishwa na Sarah Glover na kuendelezwa na John Curwen huko Uingereza katika karne ya 19. Enoch Sontonga wa Afrika Kusini aliutumia mfumo huo kuandikia wimbo alioutunga mwaka 1897, ambao ndio chimbuko la wimbo wetu wa taifa. Katika sol-fa herufi d, r, m na wenzake huandikwa kwa mstari, na muda wake huonyeshwa kwa nukta, nuktapacha na vistari vilivyopangwa safu moja juu ya nyingine kwa sauti nne. Karatasi ya A4 ina upana wa milimita 210. Kioo cha inchi 8 chenye uwiano wa 16 kwa 10 kina upana wa milimita 108 hivi. Ukurasa mzima ukiingizwa humo, kila herufi inabaki nusu ya ukubwa wake, na nukta inayotenganisha nusu pigo yaweza kutoweka machoni pa mzee wa besi. Kile cha inchi 12.9 huubakiza ukurasa karibu asilimia 88. Kwa hiyo "kikubwa" si sifa ya mapambo. Ni sharti la kazi, na maelezo yoyote ya istilahi hii hayana budi kulitaja.

Sasa tuje kwenye yale yaandikwayo karatasini. Tumeona katika tafsiri kadhaa maneno "muziki wa karatasi" yakitumika kutaja nota zilizochapwa. Twayapinga kabisa. Kwanza ni Kiingereza kilichovalishwa kanzu. Pili, mtu wa kwaya hajawahi kuyahitaji, kwani yeye "anasoma nota", "anaimba kwa nota", "ananakili nota". Tatu, nota zikihamia kwenye kioo, "muziki wa karatasi usio na karatasi" unakuwa kichekesho. Neno nota halikufungwa na kitu kinachozibeba. Angalizo moja tu: isichanganywe na noti, ijapokuwa waweka hazina wa kwaya huzitafuta zote mbili.

Penye ugomvi wa kweli ni kitenzi. Mwenye daftari akifika mwisho wa ukurasa huambiwa "geuza", na hugeuza. Mwenye kishikwambi akiambiwa neno hilohilo ana njia mbili za kulitii. Ya kwanza ni kupitisha kidole ili ukurasa ufuatao uje. Ya pili ni kukigeuza chombo chenyewe, nacho kwa utiifu wake huzungusha picha, ukurasa uliosimama ukalala, na nusu ya mistari ikatoroka kioo. Asije mtu akasema kwamba hakuna mwenye akili atakayekosea hivyo. Waimbaji wapya hukosea, na hawakosei kwa ujinga, ila kwa kulifuata neno kama lilivyo. Kugeuza maana yake ni kuleta upande wa pili, na kioo hakina upande wa pili wenye maandishi.

Wengine wamejaribu "sukuma", wengine "skroli". La kwanza linafaa pale nota zinapoteremka mfululizo bila kukatwa kurasa, bali halifai pale ukurasa mmoja unapoondoka mzima na mwingine kushika nafasi yake. La pili halijapata mwili wa Kiswahili, na mwimbaji hawezi kulitamka upesi. Sisi twapendekeza "funua". Kitenzi hiki wasomaji wa vitabu wanacho tangu zamani. Hubeba maana ya kuondoa kilichofunika ili cha chini kionekane, ndivyo hasa kioo kifanyavyo. Kina silabi tatu sawa na "geuza", kwa hiyo mwongozaji hapotezi pumzi. "Geuza" libakie kwa kukizungusha chombo, na "sogeza" kwa mwendo wa mfululizo.

Mpiga kinanda, ambaye mikono yake yote miwili ina kazi, hufunua kwa mguu. Chombo hicho kinachowasiliana na kishikwambi pasipo waya kimeitwa "pedeli" na wengine, "kanyagio" na wengine. Kanyagio ni neno zuri. Fundi cherehani analo, dereva analo. Lakini katika makanisa yetu bado viko vinanda vya zamani vinavyovuta pumzi kwa miguu, na mpiga kinanda wa namna hiyo akisikia "kanyaga" huongeza upepo. Basi pasemwe "kanyagio la kurasa" na "kanyagio la pumzi", angalau mpaka vinanda vile vitakaponyamaza.

Kuhusu uso wa chombo, kamusi zina kiwambo, watu wana kioo. Kwa kawaida tungetetea neno la kamusi. Kiwambo kinatokana na kuwamba, na lina uzuri wake. Ila tusisahau ni wapi tunapolipeleka. Katika uwanda wa Makonde, penye sindimba na ngoma nyingine nyingi, kuwamba ni kazi ya mikono inayojulikana: ngozi huvutwa, hufungwa, huoteshwa moto ikaze. Kumwambia mpiga ngoma wa Newala kwamba kiwambo kisiguswe kwa nguvu ni kumwondolea kazi yake. Mwamba ngoma huvutia kwake, na watunga istilahi wa mjini nao wamevutia kwao. Katika muziki tunakubali kioo, hasa kwa kuwa tatizo lake kubwa huko ni tatizo la kioo: misa ikifanyika uwanjani mchana, jua la Newala huakisiwa juu yake na nota hazionekani.

Limebaki moja ambalo hatujalipatia jawabu. Mwalimu wa kwaya huandika kwa penseli juu ya nota: hapa vuteni pumzi, hapa polepole, besi msitangulie. Maandishi hayo katika kishikwambi huandikwa kwa kidole au kalamu yake, na yanaweza kufichwa, kuonyeshwa, au kupelekwa kwa waimbaji wote mara moja. "Kutia alama" halitoshi, maana nota zenyewe ni alama. "Maelezo ya pembeni" ni marefu, tena hayakai pembeni. Tumepata kusikia "vidokezo", nalo latuvutia, lakini lina wenyewe katika ufundishaji wa insha. Walimu wa kwaya wa Masasi, Ndanda na Newala, ambao ndio wanaoyaandika, watuarifu wanayaitaje wanapoyafuta.