Felix na mkia wake

Kisa cha Felix in Hollywood (1923) ni chepesi: paka mtundu anatafuta kazi ya sinema. Lakini tazama mkia. Felix hana sauti, hana pesa, kwa hivyo anaugeuza mkia wake kuwa fimbo na kumwigiza Charlie Chaplin, mbele ya Chaplin mwenyewe wa kuchorwa, anayekasirika kuibiwa mtindo. Hasla kamili! Nilicheka, halafu nikakumbuka Otto Messmer. Yeye ndiye aliyekuwa akimchora na kumwelekeza Felix, ila kwenye skrini jina lilikuwa la mwenye studio, Pat Sullivan. Kama umewahi kuandika kazi ikatoka na jina la bosi, hii filamu itakuuma kidogo. Itazame tu.