Plastiki haishiki kutu, msasa ulikuwa wa nini?

Nimetazama video ya gereji moja, fundi akiondoa vidoa vya kutu kwenye gari, na mpaka dakika ya nne alikuwa hajakosea. Gari limeoshwa kwa ndoo mbili, mipira ya madirisha imezibwa kwa selotepu, na kazi inafanyika kivulini. Kisha kamera ikapita taratibu juu ya boneti jeupe la Toyota, ikaonyesha vidoa vya kutu vilivyotapakaa kila mahali, ikashuka hadi kwenye bampa la mbele. Na kwenye bampa vilikuwepo, wingi ule ule. Mliotazama mliviona. Fundi naye aliviona, maana alivielekezea kidole. Halafu akachukua msasa namba 600, akauchovya kwenye maji na kuanza kusugua boneti.

Hapo ndipo kazi ilipoharibika, na hakuna polishi iliyokuja baadaye ambayo ingeiokoa.

Bampa la gari lile ni la plastiki. Plastiki haishiki kutu hata ukiiacha ufukweni mwaka mzima. Kidoa cha kutu kikikaa juu ya plastiki, kutu hiyo imetoka nje ya gari: ni chembe ya chuma iliyoruka, ikatua juu ya rangi na kujichimbia humo, kisha unyevu ukaigeuza rangi ya machungwa. Bati lililo chini ya rangi ya boneti lilikuwa zima kabisa. Ushahidi wote ulikuwa mbele ya fundi, tena ameugusa kwa kidole chake mwenyewe, na bado akalitibu gari ugonjwa ambao halikuwa nao.

Chembe hizo hutoka wapi? Zamani lawama zilikuwa kwa reli, kwa sababu magari mapya yaliyosafirishwa kwa treni yalifika yakiwa yamejaa unga wa chuma wa magurudumu na breki. Katika jiji la foleni kama Dar es Salaam diski za breki zinatosha. Kila ukikanyaga, unga wake unaruka. Lakini kwa gari lile hatuna haja ya kwenda mbali. Irudieni video, mtazame nyuma ya gari upande wa kushoto. Kuna kijana anakata vyuma vya geti kwa grainda, na cheche zinaelekea usawa wa mlango wa nyuma. Cheche ya grainda ni kipande cha chuma kinachowaka, na kikitua juu ya rangi kinaiunguza na kuganda pale pale. Gereji ilikuwa inapanda vidoa vipya kwenye gari lile lile lililoletwa kuondolewa vidoa, na hakuna aliyemwambia kijana asimame hata kwa nusu saa.

Turudi kwenye msasa. Rangi ya kiwandani, tabaka zote pamoja, ina maikroni 100 hadi 150 hivi, kama unene wa nywele mbili. Klia, yaani tabaka la juu linaloonyesha, ikiwepo huchukua maikroni 35 hadi 50 kati ya hizo. Tena Toyota nyeupe nyingi za msimbo wa rangi 040 hazina klia. Rangi nyeupe yenyewe ndiyo tabaka la juu, kwa hiyo kinachosagwa ni rangi. Fundi hakusoma kibati cha msimbo, wala hatukumwona akipima unene. Alisugua mpaka ukingoni, mahali ambapo rangi huwa nyembamba kuliko kwingine kote, na ukingo ukatoa ukijivu. Hiyo ni praima. Mpiga picha alihamisha kamera haraka, lakini ukisimamisha picha unauona wazi, upana wa kucha.

Na faida yenyewe ni ipi? Msasa hukata kichwa cha chembe na kuacha mzizi wake ndani ya rangi. Baada ya wiki chache za unyevu wa pwani mzizi unashika kutu tena, na kidoa kinarudi pale pale, safari hii juu ya rangi iliyopungua.

Dawa ya vidoa hivi inajulikana na inauzwa. Ni ile ya kuyeyusha chuma yenye thioglaikoleti, jamii ya kemikali inayotumiwa saluni kukunja nywele. Harufu yake kali inatokana na hiyo. Unapulizia bodi likiwa limepoa, ikikuta chuma inageuka zambarau, unasubiri dakika chache bila kuiacha ikauke, kisha unasuuza kwa maji mengi. Chembe sugu unazinasa kwa udongo maalumu wa kusafishia rangi, ukiuteleza juu ya maji ya sabuni. Mjapani Tadao Kadate alipewa hataza ya udongo wa namna hiyo Marekani mwaka 1995, hivyo hakuna anayeweza kudai kwamba ni jambo jipya. Ukitaka kujua kama umemaliza, vaa mfuko mwembamba wa nailoni mkononi na upapase boneti. Chembe iliyobaki utaihisi hata kama huioni. Msiwasikilize wanaoshauri sabuni ya choo yenye asidi. Asidi hiyo huacha kloridi, na kloridi ni rafiki mkubwa wa kutu.

Mafundi wazee wa mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, waliopaka rangi Peugeot 504 na Volkswagen hawakuwa na dawa hizi, lakini walikuwa na kitu ambacho fundi wa video hana: walichunguza kwanza. Mzee angepitisha ukucha juu ya kidoa asikie kama kimepanda juu ya rangi au kimetoka chini. Angeuliza gari linalala wapi, na jirani ni nani. Msasa ulikuwa wa mwisho kuguswa, ingawa rangi za enzi hizo zilipakwa nene na zingeuvumilia.

Najua nitajibiwa kwamba kutu nyingine hutoka ndani, na hizo huhitaji msasa. Ni kweli. Jiwe likitoboa rangi hadi kwenye bati, kutu hutambaa chini yake na kuinua malengelenge, na hapo lazima usage mpaka chuma cheupe, upake praima ya epoksi, ndipo puti ifuate. Nimelisema hili katika safu hii na sitachoka: puti juu ya kutu ni udanganyifu kwa mteja, kwa sababu puti hunywa maji, na kutu iliyofichwa huendelea kula bati gizani. Fundi yule yule, katika video yake ya mlango wa Noah, alipaka puti juu ya kutu. Kwenye kutu ya kweli alikwepa kusaga, na kwenye bati zima akasaga.

Mng'aro wa mwisho ulikuwa mzuri, hilo nampa.

Lakini ukingo ule wa kijivu hauwezi kuachwa. Praima haikuundwa kukaa juani. Itachakaa, unyevu wa chumvi utafika kwenye bati, na gari litapata kutu ya kweli ambayo halikuja nayo. Boneti linapaswa kupakwa upya lote, kwa msimbo wake sahihi, na gharama ni ya gereji, si ya mwenye gari.